Kuchunguza Wanyama wa Sakafu ya Ziwa: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Ghuba ya Murchison, Kampala

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi wa maabara, maofisa uvuvi, manahodha wa boti za utafiti, wanafunzi walio katika mafunzo kazini, na watumishi wa idara za maji na mazingira wanaotumwa kuchukua sampuli za tope katika Ghuba ya Murchison, upande wa Ziwa Viktoria unaopakana na Luzira, Port Bell, Ggaba na Munyonyo. Unahusu wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi juu ya tope au ndani yake: minyoo, mabuu ya visubi, konokono, kome, ruba, uduvi na wadudu wengine wa majini.

Uganda haina bahari, lakini kazi hii ni ndugu wa ile inayofanywa kwenye sakafu ya bahari kandokando ya Afrika. Kati ya mwaka 1933 na 1934 meli ya Misri iitwayo Mabahith ilibeba msafara wa John Murray katika Bahari ya Hindi, ikafika hadi Zanzibar. Katika Bahari ya Arabuni wanasayansi wake walikuta maeneo ya sakafu yasiyo na wanyama, mahali ambapo maji yana oksijeni kidogo mno. Swali la jinsi upungufu wa oksijeni unavyowaathiri wanyama wa sakafuni ndilo tulilo nalo hapa pia. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, kina cha wastani cha mita 40 na kina kikubwa kabisa cha mita 80 hivi. Sehemu zake za kina hupungukiwa oksijeni kwa miezi kadhaa kila mwaka, mpaka pepo za kusi za Juni hadi Agosti ziyachanganye maji ya juu na ya chini.

2. Kwa nini tunachunguza tope

Sampuli ya maji inaeleza hali ya maji ya saa ile ulipoyachota. Majitaka yaliyopita usiku huenda yasionekane asubuhi. Mnyama wa topeni hana pa kukimbilia: minyoo na mabuu wamekaa pale wiki au miezi, kome wamekaa miaka, na kila kilichopita juu yao kimewagusa. Kuwapo kwao, wingi wao na kutoweka kwao ni ushahidi wa muda mrefu.

Ushahidi huo unahitajika sana katika ghuba hii. Mfereji wa Nakivubo huteremka kutoka katikati ya jiji, ukipitia Bugolobi na bwawa la mafunjo la Nakivubo, na kumwaga maji yake ziwani karibu na Luzira. Katika ghuba hiyohiyo Shirika la Taifa la Maji na Majitaka huvuta maji ya kunywa ya Kampala kwa mitambo ya Ggaba, ambayo wa kwanza ulijengwa mwaka 1928 na wa tatu ukaanza kazi mwaka 2007. Wavuvi nao wanayategemea maji hayo. Sangara wachanga hula uduvi, na kasulu, samaki mwenye mdomo mrefu kama mkonga, hula mabuu ya topeni, jambo ambalo W. W. Macdonald alilieleza mwaka 1956 kutokana na utafiti wake katika ziwa hili. Mabuu wakitoweka, samaki hukosa chakula.

Lakini ushahidi una sharti. Idadi ya wanyama ya mwaka huu haina maana bila kulinganishwa na ya mwaka mwingine, na haiwezi kulinganishwa ikiwa kila timu ilitumia chekeche lake, saa yake na mahali pake. Kwa hiyo kanuni kuu ni moja: fanya kazi ya leo kwa namna ambayo mtu usiyemjua ataweza kuirudia baada ya miaka kumi, hatua kwa hatua. Kila agizo lililomo humu linatoka katika kanuni hiyo.

3. Kabla ya kuondoka

Vibali. Hakikisha utafiti umesajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na beba nakala ya kibali botini. Askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Uvuvi hufanya doria ziwani, na boti yenye kamba na vyombo visivyojulikana itasimamishwa. Waarifu mapema wao pamoja na viongozi wa mwalo mtakaoondokea. Sampuli yoyote inayokwenda nje ya nchi inahitaji idhini ya mamlaka husika kabla ya kusafirishwa.

Hali ya hewa. Radi na dhoruba za Ziwa Viktoria hutokea zaidi usiku na alfajiri. Soma utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari, kisha usome tena asubuhi. Mawingu meusi yakikusanyika upande wa ziwa, safari iahirishwe. Nahodha ana neno la mwisho katika jambo hili, na hakuna mkuu wa mradi anayeruhusiwa kumshinikiza.

Maboya. Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu anapokanyaga boti hadi anaposhuka, hata kama ni muogeleaji hodari. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na ufuko wa Mutima, Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa ilhali nchi kavu ilikuwa karibu. Ukaribu wa ufuko si kinga.

Vifaa. Kagua kwa orodha, si kwa kumbukumbu: kinyakuzi (kinaelezwa katika sehemu ya 5), kamba iliyotiwa alama kila nusu mita, chekeche la matundu ya milimita 0.5, ndoo, masinia meupe, chupa zenye vifuniko vinavyobana, alkoholi, penseli, karatasi ya lebo isiyolowa, kipima oksijeni, kifaa cha kusoma majira ya eneo, glavu ndefu, sabuni, maji safi ya kunawa na sanduku la huduma ya kwanza.

4. Kuchagua vituo

Vituo vipangwe kwa mstari kutoka palipo na uchafu mwingi kwenda palipo na uchafu kidogo: mlangoni mwa Nakivubo, karibu na Port Bell, katikati ya ghuba ya ndani, mbele ya Ggaba, mbele ya Munyonyo, kisha kituo kimoja au viwili vya kulinganishia katika ghuba ya nje.

Angalia mtego uliopo hapa. Ukitoka Luzira kwenda ghuba ya nje, uchafu unapungua, lakini kina nacho kinaongezeka na tope laini linaweza kugeuka mchanga au maganda ya konokono. Wanyama hubadilika kwa sababu hizo pia. Usilinganishe kituo cha mita 3 chenye tope jeusi na kituo cha mita 15 chenye mchanga, ukadai kwamba tofauti yote imeletwa na mfereji. Tafuta vituo vya kulinganishia vyenye kina na udongo unaokaribiana na vile unavyovichunguza.

Andika pia kimo cha ziwa kilichotangazwa siku hiyo. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Ziwa linapopanda hivyo, mafunjo hung'oka na kuwa visiwa vinavyoelea, na kituo kilichokuwa wazi kinaweza kufunikwa. Kikifunikwa, andika hivyo. Usisogee pembeni kimyakimya ukaendelea kukiita kituo kwa jina lake la zamani.

5. Kazi ya botini

Kinyakuzi ni kifaa cha chuma chenye taya mbili kinachoshushwa kwa kamba ili king'ate kipande cha sakafu chenye eneo linalojulikana. Kwa tope laini la ghuba ya ndani tumia aina ya Ekman ya sentimita 15 kwa 15, yaani sentimita za mraba 225. Kwa mchanga na maganda tumia aina ya Ponar, ambayo ni nzito na hung'ata vizuri zaidi. Usibadilishe aina katikati ya utafiti bila kufanya kazi kwa aina zote mbili pamoja katika vituo kadhaa, ili tofauti yao ijulikane.

Hatua katika kila kituo ni hizi:

Kwanza, zima injini kabla ya kufika na utie nanga taratibu. Pangaboi huchafua tope na kuwatawanya wanyama wadogo.

Pili, pima kina, joto na oksijeni kabla ya kushusha kinyakuzi. Oksijeni ipimwe karibu na tope, nusu mita juu yake, kwa sababu kipimo cha juu hakielezi wanachovuta wanyama wa chini. Andika na saa. Katika maji ya kina kifupi yenye mwani mwingi, oksijeni ya alfajiri na ya saa nane mchana hutofautiana sana.

Tatu, shusha kinyakuzi polepole katika mita ya mwisho. Kikianguka kwa kasi hutanguliza wimbi la maji linalopeperusha tabaka la juu, na humo ndimo waishimo wanyama wengi.

Nne, achilia uzani mdogo uteleze kwenye kamba ufungue kufuli la taya, kisha vuta kwa mwendo mmoja usiokatika.

Tano, kagua. Ikiwa taya hazikufunga kwa sababu ya kijiti, jiwe au kaveera (mfuko wa plastiki), au ikiwa tope limejaa hadi kumwagika juu, sampuli hiyo imeharibika. Itupe upande wa pili wa boti na urudie. Andika umerudia mara ngapi. Kituo kinachozuia taya kwa buveera kila mara kinaeleza jambo muhimu kuhusu takataka za jiji.

Sita, chukua sampuli tatu zilizo sawa katika kila kituo, kila moja ikiwa na chupa na lebo yake. Moja pekee haitoshi, kwa kuwa wanyama wa topeni huishi kwa makundi.

Saba, kabla hujachekecha, eleza tope: rangi, ulaini, harufu. Harufu ya yai bovu ni dalili kwamba oksijeni imekwisha ndani ya tope. Andika ulichokiona na kukinusa, na uhitimishe baadaye.

Saa na mwezi. Kazi ya vituo vyote ifanyike kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Sababu ni Kaoborasi, buu la kisubi ambalo mchana hujificha topeni na usiku hupanda juu kuwinda wanyama wadogo wanaoelea. Ukichukua sampuli jioni mwezi huu na asubuhi mwezi ujao, utadhani wameongezeka, kumbe ulikuja kwa saa nyingine. Andika pia umri wa mwezi. Macdonald alionyesha kwamba visubi wa ziwa hili huruka kwa makundi wakifuata mwezi mwandamo, na mwaka 1955 R. Hartland-Rowe alieleza jinsi Povilla, mdudu wa jamii ya efemera ambaye mtoto wake hutoboa mbao zilizozama, anavyoruka siku chache baada ya mwezi mpevu. Mawingu ya visubi yanayotanda juu ya ziwa ni maelfu kwa maelfu ya mabuu yaliyoliaga tope. Sampuli ya siku inayofuata itakuwa na wachache, bila uchafu wowote kuhusika.

6. Kuchekecha na kuhifadhi

Chekecha kwa kuzungusha chekeche ndani ya ndoo ya maji ya ziwa yaliyochujwa. Usimwage maji kwa nguvu juu ya tope, maana minyoo hukatika na makoa ya kome wachanga huvunjika.

Kilichobaki kimimine kwenye sinia jeupe ukitazame kabla hakijaingia chupani. Hapo ndipo jicho hujifunza. Mabuu wekundu wa visubi wa kironomidi hujinyonganyonga wakiandika herufi S na kuifuta. Wekundu wao unatokana na himoglobini, inayowawezesha kuishi palipo na oksijeni kidogo. Kaoborasi ni vigumu kumwona. Anafanana na kipande chembamba cha kioo chenye vibofu viwili vyeusi vya hewa karibu na kichwa na viwili karibu na mkia, ametulia kabisa, kisha anaruka ghafla na kutulia tena. Ukishamwona mara moja hutampita tena.

Hifadhi kwa alkoholi ya asilimia 95. Maji yaliyo kwenye sampuli yataipunguza nguvu hadi karibu asilimia 70, kiwango kinachofaa. Baada ya siku moja imwage na utie mpya ya asilimia 70. Sampuli za vinasaba zibaki kwenye asilimia 95 na zikae kwenye ubaridi. Formalini huhifadhi vizuri miili laini, lakini ikiwa na asidi huyayeyusha makoa ya konokono na kome, na mvuke wake ni hatari kwa mapafu na unaweza kusababisha saratani. Ikilazimu kuitumia, itumike maabara penye hewa ya kutosha, kamwe si botini.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na iwekwe ndani ya chupa: kituo, namba ya sampuli, tarehe, saa, kina, aina ya kinyakuzi, ukubwa wa matundu ya chekeche na jina la aliyechukua. Wino wa kalamu nene juu ya chupa hufutwa na tone moja la alkoholi, na chupa isiyo na lebo ni kazi ya siku nzima iliyopotea.

7. Kutambua na kuhesabu

Tenganisha wanyama kwa hadubini ndogo, fungu kwa fungu, hadi sampuli yote iishe. Mwenzako achambue upya sampuli moja kati ya kila kumi. Akikuta wengi uliowaacha, rudia kundi lote.

Kwa minyoo na mabuu waliokatika, hesabu vichwa tu. Kwa konokono na kome, hesabu waliokuwa hai, na uandike makoa matupu kwenye safu yake. Koa tupu linaweza kuwa la mnyama aliyekufa miaka mingi iliyopita, na ukilihesabu utampa ripoti ya uhai marehemu.

Kutambua konokono, kitabu cha Mandahl-Barth cha mwaka 1954 kuhusu konokono na kome wa Uganda na cha David Brown kuhusu konokono wa maji baridi wa Afrika bado ni msingi, ingawa baadhi ya majina yamebadilika. Usilazimishe jina la spishi. “Kironomidi, jenasi haijulikani” ni jibu halali. Jina la kukisia huharibu takwimu za kila atakayekufuata. Hifadhi mifano michache ya kila aina, na peleka mingine kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere au wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Uvuvi, Jinja, ambako utafiti wa ziwa umeendelea tangu mwaka 1947.

Mfano wa hesabu. Tuseme sampuli tatu za Ekman zimetoa mabuu 18, 11 na 25. Jumla ni 54. Eneo la sampuli tatu ni sentimita za mraba 675. Zidisha 54 kwa 10,000 na ugawe kwa 675: unapata mabuu 800 kwa mita ya mraba. Katika ripoti toa 800 pamoja na zile namba tatu za asili, ili msomaji aone zilivyotofautiana.

8. Kusoma matokeo

Palipojaa minyoo ya topeni na mabuu wekundu, bila wengine, pana dalili ya uchafu mwingi wa kikaboni na oksijeni haba. Palipo na aina nyingi kwa pamoja, wakiwamo kome wa rika mbalimbali na watoto wa efemera, pana nafuu. Konokono Melanoides tuberculata huvumilia mengi, kwa hiyo kuwapo kwake peke yake hakuthibitishi usafi.

Kinyakuzi kikirudi bila mnyama hata mmoja, hayo ni matokeo kamili. Andika sifuri katika sampuli zote tatu pamoja na kipimo cha oksijeni. Kuacha nafasi wazi ni kusema hukwenda. Kuandika sifuri ni kusema ulikwenda na hukukuta uhai.

Mipaka ya ushahidi huu ielezwe bila kuficha. Wanyama wa topeni hawaonyeshi bakteria, na hakuna anayeruhusiwa kutangaza maji kuwa salama au si salama kunywewa kwa kuhesabu mabuu. Hilo ni la maabara ya maji.

9. Kulinda afya yako

Konokono wa Biomphalaria wanaoishi katika ziwa hili hubeba kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwenye konokono zaidi saa za jua kali na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Usiingie majini miguu mitupu kusukuma boti, hata kwa hatua mbili. Vaa buti ndefu na glavu zinazofika kwenye viwiko, na ukilowa, jifute mara moja kwa taulo kavu. Maji ya mlangoni mwa Nakivubo yana hatari ya homa ya matumbo na kipindupindu pia, kwa hiyo ni marufuku kula au kunywa kwa mikono isiyonawiwa kwa sabuni. Vioo na misumari hujificha topeni: usitie mkono kwenye sampuli kabla hujaimwaga kwenye sinia.

Kila anayefanya kazi hii apimwe kichocho mara kwa mara katika kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa lakini hukosa nguvu kwa michanga, hivyo aliyelowa juzi arudi kupimwa baada ya wiki nane hivi. Mwajiri agharimie vipimo na matibabu hayo: ni sehemu ya gharama za utafiti kama mafuta ya boti.

10. Kurudisha matokeo na kukabidhi kazi

Daftari la safari liandikwe botini, si jioni ofisini. Nakala yake ihifadhiwe mahali pawili siku hiyohiyo. Data ghafi, pamoja na sifuri zake, iambatane na ripoti.

Wavuvi wa Ggaba na Luzira wanaona mengi ambayo sampuli za mara chache hazioni: siku samaki wanapokufa, siku maji yanapogeuka rangi, mahali nyavu zinaporudi na tope jeusi. Waulize, andika majibu yao na tarehe, na uwarudishie matokeo mwaloni kwa Kiganda, Kiswahili au lugha wanayoielewa. Wana haki ya kujua hali ya sakafu ya maji yanayowalisha, na mradi unaochukua tope bila kurudisha neno haujamaliza kazi yake.

Zamu yako ikiisha, mkabidhi anayekufuata daftari, ramani ya vituo, chekeche na kinyakuzi kilekile. Nenda naye ziwani, mwache yeye ashushe kamba na kuandika lebo, nawe usimame kando ukilinganisha kila hatua yake na mwongozo huu. Mkitofautiana popote, sahihisheni siku hiyohiyo na muandike mlichobadilisha.